Kinyozi wa wasioweza kuketi

Saa mbili asubuhi, wembe umeshalimaliza shavu la kushoto la mzee. Kinyozi amepiga goti moja kitandani, jingine limebana beseni lisimwagike. Chumba kinanuka sabuni na dawa ya kuchua. Nyuma yake amesimama mtoto wa mzee, mwanamume wa makamo aliyekwisha kuvaa shati la kazini, na kila mara anatazama saa kwenye simu.

Wembe unapofika juu ya mdomo, mkono wa kulia wa mzee unachomoka chini ya shuka na kumdaka kinyozi kifundo cha mkono. Ndio mkono pekee uliobaki na nguvu tangu kiharusi kimlaze dereva huyu mstaafu wa malori, na nguvu hizo si haba. Kinyozi akiuvuta mkono wake, atamkata. Akiuachia wembe, utamwangukia mdomoni.

"Huo ni ukorofi wake tu," mwanawe anasema, akisogea kumbandua vidole. "Kila anayekuja humfanyia hivyo. Nyoa tumalize."

Kinyozi anamwomba asimguse.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu. Mtaani wamembandika jina la Mkono Mwepesi. Anasema mumewe alipolisikia kwa mara ya kwanza alimwuliza ameiba nini.

Kazi aliijua zamani. Alinyoa miaka tisa katika saluni ya mtu mwingine kabla ya kukodi kibanda chake mwaka jana. Alinunua mashine, kioo kirefu na kiti cha kuzunguka, akabandika ukutani picha za mitindo inayopendwa na vijana, kwa kuwa wateja aliowawazia walikuwa hao. Alikata kanzu mwana hajazaliwa.

Vijana walipita mlangoni pake wakielekea kwa kinyozi wa kona ya pili, mwenye runinga pana na muziki wa kutikisa mabati. "Kijana hapendi kunyolewa na mtu anayefanana na mama yake," anasema bila kinyongo. Siku njema alipata vichwa viwili. Siku mbaya alipata kimoja, nacho ni cha mwanawe wa kuzaa. Mumewe, ambaye ni fundi bomba, alimshauri kwa upole auze kile kiti kingali kipya.

Mchana mmoja mwanamke akasimama mlangoni, akauliza kama humo hunyolewa mtu aliyelala. Kinyozi alicheka, akidhani ni utani. Mgeni hakucheka. Alieleza kwamba kaka yake alianguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga, na sasa hawezi kuketi. Vinyozi wawili walishafika nyumbani, wakamwona, wakasingizia dharura na kuondoka. Nywele zimeanza kushikamana na mto.

"Rafiki zake wameacha kuja," alisema yule dada. "Nadhani wanaona haya kumtazama."

Kinyozi alifunga kibanda, akamfuata.

Alianza vizuri. Kisha, nyuma ya sikio, wembe ukagusa ngozi. Kidonda chenyewe kilikuwa kama punje ya mtama, lakini damu iligoma kukatika. Alibana kwa kitambaa, kitambaa kikaloa. Akabana kwa taulo, nayo ikaanza kuloa. Dada wa mgonjwa alikimbia kumwita muuguzi anayeishi jirani, na kinyozi akabaki amelishika lile taulo huku mgonjwa akimtazama.

Muuguzi alifika, akafunga kidonda, akakibana hadi damu ikakoma. Baada ya hapo aliuliza swali moja tu: kinyozi alijua mgonjwa anatumia dawa gani? Hakujua. Mgonjwa alikuwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda.

"Kunyoa nilijua," anasema sasa. "Niliyemnyoa sikumjua."

Alirudi nyumbani akamwambia mumewe kiti kiuzwe, na mashine pia iuzwe. Kibanda kikafungwa siku kadhaa. Aliyemrudisha kazini ni mgonjwa mwenyewe, aliyemtuma dada yake na ujumbe: alikuwa amenyolewa upande mmoja, akataka kujua kama huo ndio mtindo mpya au kinyozi atakuja kumalizia.

Alicheka mpaka akalia. Lakini hakwenda moja kwa moja. Alipitia kwanza kwa muuguzi, akaomba afundishwe. Akajifunza kuuliza dawa kabla ya kufungua mkoba. Akajifunza kuuliza ni upande upi uliokufa ganzi, kwa sababu upande huo mtu haoni maumivu na hawezi kusema umemkata. Akajifunza kumwinua kichwa mtu asiyeweza kumeza vizuri, povu lisimpalie.

Muuguzi ndiye aliyemtaja kwa nyumba ya pili, ya pili ikamtaja kwa ya tatu. Leo ana nyumba thelathini na moja anazozizungukia, nyingi zikiwa katika mitaa ileile alimokuwa akikaa mlangoni kusubiri vijana. Kibanda amekirudisha kwa mwenyewe.

"Walikuwepo siku zote, nyuma ya mapazia," anasema. "Mimi nilikuwa nimekodoa macho barabarani, nawatazama wapitao."

Hata hivyo, anakiri kuwa kuijua nyumba si kumjua mteja. Anayepiga simu huwa ni mke, mtoto au shemeji. Anayenyolewa ni mwingine, na mara nyingi hajaulizwa. Familia mbili zimekwisha kumfukuza kwa kuuliza maswali mengi. Asubuhi hii, mkono wake ukiwa umekamatwa, hajui kama nyumba hii itakuwa ya tatu.

Anainama karibu na sikio la mzee. Kiharusi kilichukua maneno, hakikuchukua masikio. Hilo alihakikisha kabla ya kuchovya brashi.

"Baba, nimekosea? Kama nimekosea, nibane mara mbili."

Vidole vinatulia. Kisha vinabana, mara mbili.

"Nimekuumiza?"

Vidole havibani.

"Ni sharubu? Hutaki zitoke?"

Vinabana mara mbili, kwa nguvu hadi kucha zinaingia.

Mtoto wa mzee anashusha pumzi ndefu. Analalamika kwamba uji hunasa kwenye hizo sharubu kila siku, na anayezifuta ni yeye, asubuhi na jioni, mke wake akiwa safarini. Amechoka. Zitoke.

"Mimi ndiye niliyekuita, dada," anasema. "Na anayelipa ni mimi."

"Ni kweli, kaka," kinyozi anajibu, macho hayabanduki kwenye wembe. "Lakini mdomo ni wake."

Mwanamume anatoka chumbani. Kinyozi anausikiliza mlango wa nje, akingoja ufunguliwe na sauti imwambie akusanye vitu vyake. Haufunguliwi. Hatimaye mwanamume anarudi na kuegemea fremu ya mlango. Anauliza kama sharubu zinaweza kupunguzwa tu, ziusogelee mdomo zisiuingie.

Kinyozi anamwambia hilo si lake kujibu.

Mwanamume anasita. Kisha anachuchumaa kando ya kitanda, shati la kazini na yote. "Baba," anasema, "tupunguze kidogo?"

Mkono wa mzee unamwachia kinyozi, unapapasa shuka, unakishika kidole cha mwanawe. Unabana mara mbili.

"Tangu augue sijamwuliza kitu," mwanamume anasema baadaye barazani, akifunga kamba za viatu, amekwisha kuchelewa kazini. "Nilidhani hakuna wa kujibu."

Kinyozi sasa ana mpango mwingine. Katika nyumba anazopita wamo wanawake waliolala, na yeye kusuka hajui. Amempata msusi mmoja. Huyo anaogopa wagonjwa, lakini hajakataa. Wiki hii atampeleka kwa mwalimu mstaafu ambaye mabinti zake wanataka nywele zote ziondolewe ili asiwape kazi.

"Wameniambia nije na mashine," anasema akifunga mkoba. "Nitakwenda nayo. Itakaa humuhumu mpaka tumsikie mama mwenyewe."