Vidonge vya Baba na Homa Yetu

Kaka yangu ana ugonjwa wa kusoma nusu. Mpe karatasi yoyote, atasoma aya mbili, na kuanzia hapo yeye ni daktari, wakili na mhandisi wa barabara.

Jumapili moja ya Julai tulikuwa kwa baba, Kinoo, sote tukipiga chafya. Baba peke yake hakuwa na homa. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Alikuwa amekata nyama machinjioni Dagoretti maisha yake yote kwa mikono isiyokosea kiungo, na sasa mikono hiyo ilitetemeka. Kidonge cha asubuhi na cha mchana ndivyo vilivyomwezesha kuinuka kitini bila kuvutwa na kujimiminia chai mwenyewe. Chai hiyo ilikuwa heshima yake. Hakutaka mtu amshikie kikombe.

Kaka akafungua boksi la dawa, akatoa karatasi ya ndani, akavaa miwani.

"Amantadini," akasoma. "Kumbe inaua virusi vya flu. Na sisi tuko hapa tunakunywa tangawizi kama watu hawajaenda shule."

"Si hiyo ni ya mzee?" mke wake akauliza.

"Mzee ako nazo mingi. Kwani tutamaliza?"

Akagawa kwa uso mzito, kama anatoa sakramenti: watu watano, kila mmoja viwili siku hiyo na viwili kesho yake. Baba alitazama tu. Mtoto wake msomi alikuwa amesema, nani angembishia? Nami, ninayemdharau kaka tangu utotoni, nikafungua mkono na kumeza.

Vidonge ishirini vikaenda, yaani siku kumi za baba. Vilipomwishia, tarehe ya kliniki ilikuwa bado mbali, na hakumwambia mtu. Siku ya tatu nilipopita kumwona nilimkuta kitini, amekakamaa, chai imemmwagikia kifuani, akiniomba niwafukuze mbuzi sebuleni. Hapakuwa na mbuzi.

Nilimwita mke wa kaka akae naye, nikampigia kaka simu, nikakimbilia mjini kutafuta dawa. Kaka alitoka ofisini akanikuta kwenye duka la dawa karibu na River Road, kitambulisho chake cha kazi kikining'inia shingoni kama medali. Mfamasia, mama mmoja mpole, aliuliza baba alimeza lini mara ya mwisho. Nikamweleza yote.

"Sitawauzia," akasema. "Mpelekeni hospitali saa hii, na mbebe boksi. Hii dawa haiachwi ghafla. Daktari ndiye anaipunguza, pole pole."

"Dakta, tukimpa mbili mbili si itafidia?" kaka akauliza.

"Hapana. Mkizidisha ndiyo ataona hao mbuzi vizuri."

"Lakini imeandikwa ni ya flu."

"Hiyo ni hadithi ya zamani. Virusi vya homa vilishaizoea. Na hata kama ingefanya kazi, aliyeandikiwa ni baba yenu, si nyinyi."

"Basi karatasi ingesema."

Yule mama akaikunjua karatasi yetu wenyewe, iliyokuwa ndani ya boksi nililobeba, akaigeuza, akaweka kidole. "Imesema. Huku nyuma."

Kaka alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Ningemwonea huruma, lakini huruma yangu yote ilikuwa Kinoo.

Baba alilazwa siku nne. Dawa zikarudishwa kwa kipimo cha daktari, mbuzi wakaondoka, na mwili ukalegea kidogo kidogo. Jumapili iliyofuata tulikuwa tena sebuleni kwake. Kaka alikuwa ameshika karatasi ya mbolea, anatufundisha kilimo.

Baba akavuta chupa ya chai na kujimiminia. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikaenda mezani. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akanigeukia, bila kejeli yoyote.

"Na ile homa yenu," akaniuliza, "iliisha?"

"Iliisha, baba," nikamjibu. Ilikuwa imechukua wiki nzima, kama homa nyingine yoyote.