Raha ya Milele kwa Manang Presing

Eufrosina Magbanua, ambaye kwetu kila mtu humwita Manang Osing, yaani Dada Osing, amewasindikiza wafu wetu kwa miaka ishirini na mitatu. Akifa mtu, huitwa yeye kabla ya fundi wa majeneza. Huketi mbele ya picha ya marehemu akaongoza rozari siku tisa mfululizo, nasi nyuma yake tunaitika, tunajipepea, na kuchungulia jikoni kama biskuti zimeshafunguliwa. Hana daraja lolote katika Kanisa. Padre huja mara moja, siku ya mazishi. Manang Osing huja mara tisa. Nani mwenye cheo kikubwa hakuna anayeuliza, kwa sababu jibu linajulikana.

Sala zenyewe hazibadiliki na zote zimo kichwani mwake. Kinachobadilika ni jina tu, na hilo huliandika kwenye kikaratasi akakichomeka ndani ya kitabu chake cha novena.

Siku ya tisa ya mzee Cornelio, katikati ya Kwaresima, alichomoa kikaratasi, akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti ya puani anayoiweka kwa ajili ya mambo ya umilele: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, mtumishi wako Presentacion Dumalagan."

"Na mwanga wa milele umwangazie," tukaitika.

Manang Presentacion Dumalagan, yaani Presing, alikuwa safu ya pili kwenye kiti chekundu cha plastiki, akaitika pamoja nasi. Alikuwa hai kabisa. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumemshukuru Mungu kwa ajili yake, maana alitolewa kibofu cha nyongo akarudi salama, na kikaratasi cha shukrani ndicho kilichobaki kitabuni jirani na cha msiba. Hakuna aliyegeuza shingo. Mtu aliyekwisha kuitika mara hamsini hasikilizi tena anachoitikia, na hilo silisemi kwa kulaumu, kwani hata mimi nilikuwa natazama biskuti.

Manang Osing aligundua kesho yake asubuhi alipokuta jina la Cornelio bado limelala kitabuni, halijaguswa. Akaketi.

Hofu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza angeweza kumwambia mtu: kwamba ana miaka sitini na sita, na akili imeanza kumtoka kama ilivyomtoka mama yake, ambaye mwishoni alikuwa akimbariki mbwa kabla ya kula. Wenzake wakijua, kitabu kitakwenda kwa Luding, anayekitamani tangu zamani. Hofu ya pili hakuweza kumwambia mtu yeyote. Kwa miaka ishirini na mitatu ametufundisha kwamba sala ya kweli haipotei njiani. Sasa alikuwa akiomba, usiku na mchana, hii moja ipotee. Na madaktari walikuwa wamekata kinyama kidogo cha Presing kukipima, na majibu yalikuwa bado.

Wiki iliyofuata akina mama wa kigango tulikwenda mafungo ya siku tatu kwa masista wa mlimani. Huko mtu haruhusiwi kusema neno tangu chakula cha jioni cha Ijumaa hadi chakula cha mchana cha Jumapili. Manang Osing alikusudia kuungama kwa Presing njiani, lakini Presing alikaa mbele na dereva kwa sababu ya mshono wake. Alimpata langoni.

"Manang, nina neno nawe."

Presing alimtazama kama mtu aliyekuwa akiisubiri barua na sasa hataki kuifungua. "Kama ni lile, Inday, mdogo wangu, usinieleze. Niache kwanza nifanye mafungo yangu."

"Lile lipi?"

Kengele ikalia. Sista Benilda, mwembamba kama mshumaa wa Pasaka, alisimama mlangoni akitabasamu. "Kuanzia sasa ni Mungu anayesema, akina mama. Ninyi mmesema mwaka mzima, mpumzisheni masikio."

Ikawa hivyo. Jumamosi asubuhi, kwenye uji wa mchele na tangawizi, Manang Osing alimtazama Presing akijaza kijiko, akikirudisha bakulini, akikijaza tena. Alikohoa mara mbili. Manang Osing alihesabu. Baada ya uji alikuta juu ya kiti chake kanisani mto wa kupigia magoti wa Presing, ule wenye nakshi za maua ambao haujawahi kuazimwa hata kwa mtu mwenye goti bovu. Alipoinua macho, Presing alimtikisia kichwa kwa upole: chukua.

Upole huo ulimtisha zaidi kuliko kikohozi. Presing tunayemjua humnyang'anya mtu kiti.

Mafundisho ya asubuhi yalihusu kifo chema. Huwa yanahusu kifo chema kila mwaka, yamo kwenye ratiba kabla ya mapumziko ya kahawa, lakini Manang Osing aliyasikia kama yameandikwa jana. Kwenye Njia ya Msalaba Presing alipiga magoti kituo cha kumi na nne, anapozikwa Bwana, na hakuinuka mpaka wawili wakamshika. Luding, ambaye hajawahi kumaliza mafungo bila kuvunja ukimya, alimnong'oneza Manang Osing nyuma ya kitambaa:

"Umemwona Presing alivyokonda? Nguo zinamwelea."

Manang Osing aliweka kidole mdomoni.

Alasiri alipanga foleni ya kitubio. Padre Arnel ni kijana, na alikuwa amekwisha kusikiliza wanawake thelathini wenye dhambi ya kuwasengenya hao ishirini na tisa wengine.

"Padre, nimemwombea mtu raha ya milele."

"Hiyo si dhambi, Nanay. Hilo ni tendo la huruma."

"Yu hai, Padre."

"Ulimtakia afe?"

"Nilichanganya vikaratasi."

"Mungu anajua ulikuwa unamaanisha nani."

"Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha watu kutaja jina kamili, Padre, ili asichanganye."

Padre alikohoa, au alicheka. Pazia lilikuwa zito. "Kitubio chako ni kumwambia mwenyewe. Lakini ukimya uishe kwanza, Sista Benilda asinifukuze."

Jioni, kando ya sahani yake, akakuta rozari. Si rozari ya dukani: ile ya mbegu nyeusi aliyoachiwa Presing na mama yake, ambayo sote tulijua itazikwa naye mikononi. Manang Osing hakumeza hata punje ya wali. Mtu hupewa rozari kama hiyo na anayejua safari yake.

Jumapili, ibada ya mwisho ilipokwisha, Sista Benilda alipiga kengele na wanawake arobaini wakafumuka kama bata waliofunguliwa bandani. Manang Osing alimvuta Presing hadi kwenye beseni la kuoshea vyombo.

"Manang, nisamehe. Siku ya tisa ya Cornelio nilikuombea wewe raha ya milele."

"Nilisikia. Si niliitika?"

"Ulisikia!"

"Nilitolewa nyongo, Inday, si masikio." Presing alimshika mkono. "Usilie. Nilielewa palepale. Nikasema, Osing hakosei jina, hajakosea hata moja. Binti yake Marivic yuko maabara ya hospitali. Majibu wameyaona, mama ameambiwa kwa siri, na mzigo umemshinda mdomoni."

"Marivic? Marivic haniambii hata amekula nini!"

"Basi ulijuaje?"

"Sikujua kitu! Ni kikaratasi, Manang. Kile cha shukrani zako."

Presing alimwachia mkono. "Kikaratasi."

"Kikaratasi."

"Na mimi nimeshampa mpwa wangu nguruwe."

"Nguruwe yupi?"

"Yule mkubwa! Nimeandika na maneno ya kusomwa mazishini. Wewe nimekuwekea mistari miwili mizuri."

"Inasemaje?"

"Hupati. Ngoja nife kwa utaratibu."

Walicheka mpaka Presing akashika mshono. Kisha kicheko kilimwisha usoni taratibu, kama maji yanavyoisha kwenye beseni.

"Kwa hiyo hakuna anayejua," alisema.

"Hakuna. Mpaka majibu yatoke Jumatano."

"Nilikuwa nimeshazoea, unajua? Wiki nzima nimekuwa nakufa vizuri kabisa. Sasa umenirudisha kwenye foleni."

Manang Osing alitoa rozari mfukoni amrudishie, Presing akausukuma mkono wake.

"Kaa nayo mpaka Jumatano. Na Jumatano tunakwenda wote."

"Leo nitawaambia akina mama nilivyokosea. Wakinivua kitabu, ni haki."

"Nyamaza wewe! Kitabu kitakwenda kwa Luding, na Luding anaruka matendo ya rozari. Mimi nizikwe na mtu anayeruka?" Akajifuta mikono. "Na Cornelio yuko wapi saa hizi? Amesimama mlangoni bila sala ya tisa?"

Wakamwombea papo hapo, kati ya masufuria. Manang Osing alisoma jina, Presing akilihakiki begani kwake. Sisi tuliokuwa tukifuta sahani tuliitika kimoyomoyo. Tumeitunza siri hiyo vizuri mno, kigango kizima, isipokuwa Luding, ambaye hatujamwambia. Na kwa kuwa mtu akitoka kumwombea maiti haendi nyumbani moja kwa moja, roho ya marehemu isije ikamfuata, jeepney, gari letu la abiria, ilisimama kwanza kwenye duka la mikate, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumatano walipanda gari la kwanza kwenda mjini. Manang Osing alikuwa na rozari ya mbegu nyeusi kifundoni mwa mkono, na kitabu mapajani. Siku hizi kila kikaratasi chake kina neno juu ya jina, kwa wino mwekundu. Cha siku hiyo kilisema Presentacion Dumalagan, na juu yake HAI. Alikuwa amelipigia mstari mara mbili, kama mtu anayehofu kwamba hata huko juu vikaratasi huchanganyika.