Nilivyopeleka mizigo sita ya ndagala Mugamba

Wakuu wa baraza, amahoro, na mnisamehe kwa kuchelewa. Daftari hili tunalopokezana kuandika lilikaa kwangu wiki nzima nikitafuta miwani.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Sitatia chumvi, maana hakuna ninachojisifia.

Siku ile Mdachi aliponiuliza, "Karani, njia ya Mugamba unaijua?" nilitakiwa kujibu neno moja tu. Hapana.

Nikajibu, "Naijua, bwana."

Sikuwa naijua. Sikuwahi kupanda hata kilima cha kwanza nyuma ya Rumonge, pale michikichi inapoishia.

Nimeyakumbuka haya baada ya kusoma kurasa za nyuma kwamba vijana wetu wanapanga kukodi lori waende kutazama hifadhi za milimani, misitu na sokwe. Wazo zuri, sipingi. Lakini nimeona orodha yao ya vitu vya kubeba, na hakuna blanketi hata moja. Ndipo nikaomba kalamu.

Basi, ilikuwa zamani za Wadachi, yaani Wajerumani, kabla ya ile vita kubwa.

Mdachi huyo hakuwa mtu wa serikali wala wa dini. Alishuka kutoka kwenye boti ya Ujiji na hema, darubini na karatasi za kuchorea. Alitaka kupanda mlimani kutazama. Watu wa hapa hawakuelewa. Wanaouza mawese walinifuata kuniuliza, "Anatafuta nini huko? Iko ng'ombe yake ilipotea?"

Mimi nilikuwa kijana, nimetoka shule ya serikali huko pwani miaka miwili tu kabla ya hapo. Nilisoma, niliandika, na Kijerumani nilikijua cha kutosha. Wazee wa umri wa baba yangu waliniita bwana karani, na kofia ikaanza kunibana.

Mdachi akaniambia nipange safari yote: njia, wapagazi, chakula. Nikachora ramani nzuri sana. Vilima niliviweka kwa kukisia, na mito niliipaka wino wa buluu.

(Sokoni walikuwepo Warundi wa juu, wanateremka na ngozi kila baada ya siku chache. Ningemuuliza mmoja wao, angeniambia kila kitu kabla ya kumaliza kikombe cha maji. Nikaona aibu, karani kumuuliza mbeba ngozi.)

Chakula nilikipanga kwa akili ya mtu wa ziwani. Nilijiambia, huko juu hawana samaki, kwa hiyo watawagombania. Nikanunua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakavu kutoka Magara, mizigo sita. Tungewala wenyewe, na wengine tungebadilishana kwa unga na maharage njiani. Ili mizigo isizidi, nikafuta blanketi zote za wapagazi.

Msimamizi wa wapagazi nilimchagua mdogo wangu, Ramadhani. Alikuwa mvuvi, mtu wa mabega, na mkewe Zuhura alikuwa mjamzito wa miezi saba.

Ramadhani aliniuliza, "Kaka, huko juu iko baridi?"

Nikamwambia, "Ya asubuhi tu, kama ya ziwani."

Zuhura alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Shemeji, mulima umeuandika vizuri. Sasa utaupanda na kalamu?"

Tulicheka wote. Kisha akaniangalia. "Munirudishie mutu wangu."

Nikasema, "Nakuahidi."

Siku ya kwanza ilikuwa tamu, wakuu, siwezi kudanganya. Tulipofika juu ya miteremko tukageuka, na ziwa lote lilikuwa chini yetu, na milima ya Kongo ng'ambo. Mdachi alikaa juu ya jiwe akachora mpaka jua likageuka. Ramadhani alisimama karibu yangu akatafuta pwani yetu kwa kidole. Akasema, "Kumbe tunakaa padogo hivi."

Siku ya pili tulipita msitu wa Bururi. Tuliwasikia sokwe, na wawili tuliwaona. Mdachi alifurahi kama mtoto.

Siku ya tatu tukaingia Mugamba penyewe, kwenye majani mafupi na ng'ombe wenye pembe ndefu. Adhuhuri wingu likashuka mpaka magotini. Ikaja mvua ya mawe. Upepo ukachana hema la Mdachi. Wapagazi walikuwa na shuka moja moja za pamba, zimelowa, na meno yanagongana.

Nikaona rugo, yaani boma la Kirundi, moshi unatoka juu ya nyumba. Nikatangulia na mzigo wa ndagala. Mwenyeji akatoka, nikamsalimu, nikafungua mzigo mbele yake kwa maringo, kama mtu anayefungua hariri.

Yule bwana akaziba pua. Akarudi nyuma, akavuta miti akafunga mlango wa boma.

Akapaza sauti kutoka ndani, kwa Kirundi, "Ondokeni na hiyo harufu! Munataka ng'ombe zangu zikauke maziwa?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila mbeba ngozi sokoni alilijua. Kwa wafugaji wa kule, wakati ule, samaki hakuwa chakula. Anayemla hasogelei maziwa wala zizi.

Boma la pili wakatufukuza kabla hatujafika. Kule habari huenda kwa kupigiwa kelele kutoka kilima hadi kilima, na sisi tulikuwa habari.

Ramadhani alikuwa amempa mpagazi mzee shuka yake. Tulipopumzika akaketi, na akakataa kusimama. Nilimshika mkono, ulikuwa kama samaki aliyetolewa majini. Kutetemeka kulikuwa kumekwisha. Nilipomwita jina, alijibu neno lisiloeleweka.

Mdachi akavua koti lake akamfunika. Akaniuliza, "Karani, kwa nini wanatukimbia? Ramani yako inasema kuna kijiji cha kulala."

Nikasema, "Bwana, ramani ni uongo. Sijawahi kufika huku."

Nilisema kwa Kijerumani. Kisha nikarudia kwa Kiswahili, kwa sababu wapagazi walikuwa na haki ya kusikia. Hakuna aliyenitukana. Ramadhani alifumbua macho akaniangalia, akayafumba.

Nikaamuru mizigo yote ya ndagala itupwe bondeni. Nikavua kanzu, nikajisugua kijitoni mpaka ngozi ikawaka, nikaenda mikono mitupu kwenye nyumba moja ndogo iliyojitenga. Alikuwepo bibi kizee, peke yake na ng'ombe mmoja.

Sikujiita karani. Nilimwambia nina mdogo wangu anakufa kwa baridi, na kosa ni langu.

Akaninusa, wakuu. Alisogea akaninusa shingoni kama anayekagua nyama.

"Yale madude mumeyatupa?"

"Tumeyatupa, mama."

"Mujisugue na majivu, wote. Mugonjwa aingie. Na muzungu aingie, anatia huruma. Wewe utalala nje ya mlango, bado unanuka."

Jua lilikuwa halijazama Ramadhani akawa karibu na moto, amefunikwa ngozi ya ng'ombe, bibi anamnywesha uji wa ulezi kwa kijiko cha mti na kumwita "mwana wanje", mwanangu. Mimi nilikaa mlangoni nasikiliza anavyopumua.

Asubuhi jua lilitoka safi. Nilisikia sauti yake ndani.

"Kaka."

"Naam!"

"Baridi ya asubuhi tu, sivyo?"

Wapagazi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nililia, na sikujificha. Sijawahi kupata furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi yangu.

Tuliteremka wote, wazima. Zuhura alimpokea mumewe mlangoni, akamshika uso, akamgeuza huku na huku. Mimi hakunisemesha. Mdachi aliridhika kabisa. Aliniandikia barua ya kunisifu kuwa ni kiongozi hodari. Nilimfungia mtu karanga kwa barua hiyo.

Vijana, nendeni mkatazame milima, ni mizuri kuliko nilivyoandika. Chukueni blanketi. Muulizeni anayetoka huko, hata kama hajui kusoma. Na usipojua, sema sijui. Nimeacha kurasa mbili tupu chini: aliyepanda huko aongeze, na anayeona nimewaonea Warundi wa juu au nimejidhulumu mwenyewe, aandike pia.

Ramadhani aliishi miaka mingi baada ya hapo, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na hakuwahi kunilaumu. Lakini alipotaka mtumbwi mpya, alimuuliza muuza chumvi. Alipotaka kumpeleka mwanawe shule, alimuuliza fundi cherehani, na mimi niliyesoma nilikuwa nimekaa hapo hapo. Uhai wake nilirudishiwa. Imani yake kwangu niliiacha Mugamba, na mpaka tunamzika sikuipata tena.