Nilimbandika Simbilisi Nywele za Bandia

Jamani, kabla hamjanicheka, jueni kwamba nimemkosea mtoto. Kosa ni langu peke yangu, wala sitamsingizia shetani!

Mimi ni msusi, Mkongo wa Bukavu, nina saluni ndogo hapa mtaa wa La Rochelle, Johannesburg. Nakaa na Divine, binti wa marehemu dada yangu, aliyezaliwa hapahapa mjini. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila hunijibu kwa Kiingereza tu.

Divine alikuwa anafuga simbilisi, kale kanyama kanene kama panya kasiko na mkia, akamwita Biskuti. Kwetu simbilisi ni mboga! Kila mgeni aliyeingia aliuliza tunamla lini. Lakini mtoto yule alimkatia majani kila asubuhi, akamsafisha masikio, akamkata kucha, akimwandaa kwa maonyesho ya wanyama wanaofugwa na watoto. Shuleni walimwona mgeni tu, hawakumhesabu kitu. Alitaka siku hiyo wamwone.

Siku ikafika. Tulipoingia ukumbini, eish! Simbilisi wa wenzake walikuwa na nywele ndefu zinazoburuta mezani. Biskuti wetu alikuwa na kanywele kafupi kama brashi ya viatu. Yaani mimi msusi, mtoto wangu aaibike kwa ajili ya nywele?

"Mama mdogo, mwangalie, naenda kuchukua namba," Divine akaniambia kwa Kiingereza chake.

Alipogeuka tu, nikafungua mkoba wangu wa kazi. Nikachagua nywele za bandia za kahawia, nikatia gundi, nikambandika Biskuti kuanzia kisogoni hadi matakoni. Nikamchana hata njia katikati! Haki ya Mungu, alipendeza.

Divine akarudi, akashika mdomo. Kabla hajasema neno, mwamuzi akafika mezani.

Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye sweta la sufu. Akamwinua Biskuti, akasifu masikio, akasifu kucha. Kisha akampapasa mgongoni. Nywele zote zikaondoka na mkono wake! Mzee akapiga yowe, akidhani amemchuna mnyama wa watu akiwa hai. Akakung'uta mkono, nywele zikarukia kwenye sweta, zikaganda hapo.

"Nani amefanya hivi?" akauliza alipopata pumzi.

Divine akanitazama. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikatazama dari!

Mtoto hakunitaja. Akanyang'anywa namba yake, akatolewa mashindanoni. Mzee akasema kwa masikitiko kwamba siku nzima hakuona mnyama aliyetunzwa vizuri kama huyo. Hapo ndipo ulimi uliponifunguka, nikamkimbilia: "Ni mimi! Mimi ndiye msusi!" Akanijibu kwamba kanuni ni kanuni, akaenda kukagua sungura, nywele zangu zikimning'inia tumboni. Mama mmoja akanivuta mkono. Alitaka kujua saluni yangu iko wapi!

Ndani ya teksi, zile daladala za huku, Divine alilikumbatia boksi la Biskuti. Tulipokaribia nyumbani akasema, kwa Kiswahili, polepole:

"Mama mudogo, Biskuti alikuwa muzuri vile vile."

Nililia mbele ya abiria wote bila haya.

Gundi ilimwachia Biskuti upara mgongoni. Divine alinisamehe kwa mdomo, lakini kichwa chake hanipi tena. Anaenda kusukwa ng'ambo ya barabara, kwa mshindani wangu, wateja wangu wakitazama! Nilikuwa namsuka tangu alipojua kuketi mwenyewe, akisinzia mapajani mwangu. Nayakosa hayo kuliko mnavyofikiri.

Jumamosi alirudi na mistari ya nywele imepinda, mmoja unaelekea sikioni, mwingine haujui unakokwenda. Vidole viliniwasha! Akaniuliza kama amependeza. Nikaficha mikono nyuma, nikamwambia, "Sana, mwanangu."

Wenzangu, mtoto akikuachia kitu chake ukiangalie, kiangalie tu. Na wakiuliza nani kafanya, tafadhali, usitazame dari!