Siku Abiria Walipohamia Barazani Kwetu

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya hamsini, Bwana Stesheni wa Tanga aliniuliza kwa nini nimechagua reli. Nikamjibu kweli: "Stesheni iko karibu na nyumbani, Bwana." Alinitazama kama mzigo usio na anwani, akanipa dirisha la tiketi na koleo, kile chuma cha kutobolea tiketi isitumike mara mbili.

Vijana, msidhani karani wa reli ni msafiri. Niliuza safari za Korogwe na Moshi, mwenyewe nilikuwa sijavuka Pongwe, stesheni ya jirani. Kila nilipopewa uhamisho mama aliugua. Uhamisho ukifutwa, alipona.

Mgomo ulipoanza nilifurahi kuliko viongozi wetu. Wao walidai haki. Mimi nilijinyoosha jamvini nyumbani kwetu Chumbageni. Asubuhi ya pili, hodi! Bi Mwanakombo, somo, yaani mama anayewafunda maharusi.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Tiketi hii ya Muheza umeniuzia wewe?"

"Ni mimi, lakini tumegoma."

"Goma, mwanangu. Harusi ni leo jioni, na mwari wangu hatolewi kwa mume mpaka nifike. Nakaa hapa mpaka treni ije."

Akakaa barazani. Wengine waliokuta stesheni imefungwa wakamwona, wakadhani treni leo inaanzia kwetu. Kufika saa tano nilikuwa na abiria kumi na mmoja na mbuzi, na sukari imekwisha.

"Baba," mama akaninong'oneza, "wapeleke, la sivyo nitaugua kweli."

Nikamwendea rafiki yangu wa Nguvumali, dereva wa lori la mkonge.

"Nitawachukua, ila nawe upande. Hao abiria ni wako."

Nikapanda, nimekumbatia mbuzi. Muheza lori likasimama sokoni, hakushuka mtu.

"Tiketi yangu ni ya stesheni," akasema Bi Mwanakombo.

Tukaenda stesheni. Bado hawakushuka: tiketi hazijatobolewa! Nikatoa koleo mfukoni, nikaanza kutoboa. Wagomaji wa Muheza, waliokaa kwenye benchi, wakainuka.

"We karani! Unauvunja mgomo?"

Bi Mwanakombo akawatazama mmoja mmoja. "Nani kati yenu mkewe sikumfunda mimi?"

 Mmoja akambebea furushi lake la nguo, mwingine akambeba mbuzi. Baada ya magharibi vigelegele vilitufikia mpaka kwenye lori.

Mgomo ulipokwisha, Bwana Stesheni aliniita. "Karani, nasikia nawe uligoma?"

"Ndiyo, Bwana."

"Ajabu. Katika siku zote zile, treni iliyofika ni wewe peke yako."

Nilistaafu kwenye dirisha lilelile. Wajukuu huniuliza, miaka yote ile ya reli nilifika wapi. Nawaambia: Muheza, mara moja, kwa lori, nikiwa nimegoma.