Mlango wa Baba Ufukweni Kagunga

Tulipokimbia Burundi kila mtu alibeba alichoweza. Mama alibeba mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani. Mimi nilibeba godoro. Baba aling'oa mlango wa nyumba yetu, kitasa na bawaba zake, akaubeba kichwani milima yote mpaka Kagunga, upande wa Tanzania.

"Tumewaachia nyumba," alimjibu mama alipolalamika. "Mlango sitawaachia."

Ufukweni tulikuwa umati wa watu tukingoja meli ya kutupeleka Kigoma. Baba alifunga turubai kwenye miti, akachimbia nguzo mbili, akausimamisha mlango ukitazama ziwa. Pembeni turubai halikufika chini. Kuku wa watu walipita watakavyo. Sisi tulipaswa kubisha hodi. Hata ofisa aliyekuja kutuandikisha alibisha hodi.

"Mzee, mlango huu wa nini?"

"Wa nyumba."

"Nyumba iko wapi?"

"Burundi."

Ofisa akaandika kitu, akakifuta, akaenda zake.

Kila asubuhi baba alitutoa nje sote, akageuza ufunguo, akasali. Alisema sala yataka mlango uliofungwa. Turubai halizuii sauti, kwa hiyo majirani wote walijua shauri lake na Mungu. Hakuomba chakula wala meli. Aliomba kuondolewa hasira juu ya seremala mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, aliyewaonyesha vijana wenye marungu njia ya kuja kwetu.

"Nikimwona nitamuua, Bwana," alisema. "Mimi mwenyewe siwezi kujizuia. Nizuie wewe."

"Amina," aliitikia mama wa turubai la pili, huku akichambua dagaa.

Wiki ya pili, baba akiwa ndani anasali, mtu alikuja kubisha hodi. Alikuwa yule seremala, na kiatu kimoja tu mguuni. Vijana walewale walikuwa wamemgeukia na yeye. Mimi na mama tuliganda na ndoo zetu. Yeye wala hakutuona. Alikuwa akiupapasa mlango.

"Huu nimeutengeneza mimi," alisema. "Nani kafunga bawaba juu chini?"

Ndani sala ilikatika.

"Ni wewe?" baba aliuliza.

"Ni mimi."

"Ngoja. Sijamaliza kusali."

Sijawahi kusikia sala ndefu namna ile. Alimsimulia Mungu kila kitu, kuanzia ubatizo wa mtoto wa seremala, ambao baba ndiye aliyeusimamia. Jua lilipanda, watu wakajaa. Seremala alisimama palepale akingoja, ingawa angezunguka hatua tatu tu angeingia. Wazo hilo halikumjia, wala sisi hatukumpa.

Mwishowe tulisikia ufunguo ukihangaika.

"Unyanyue kidogo, halafu usukume," seremala alimwelekeza.

"Naujua mlango wangu!"

"Huujui. Nyanyua."

Baba akanyanyua, akasukuma. Mlango uling'oka mzima ukaanguka nje, seremala chini, baba juu. Jiwe alilokuwa amelishika baba likamtoka mkononi.

"Mungu amenizuia," baba alisema, akiwa bado amelala juu ya mbao, machozi yakimtoka.

"Na mimi amenibana," alijibu seremala kutoka chini. "Inuka, ndugu yangu, sipumui."

Siku tatu baadaye seremala alishikwa na kuhara kulikokuwa kukiua watu pale ufukweni. Machela hazikutosha. Baba na mimi tulimlaza juu ya mlango tukambeba hadi kwenye boti ya wagonjwa, na njia nzima baba alichanganya matusi na sala. "Msaliti wewe, usife! Bwana, nisaidie nisimwachie. Shika vizuri, mbwa wewe!" Wagonjwa wengine walitutazama wakidhani tumechanganyikiwa. Mlango ulikataliwa kupanda botini. Tuliuacha mchangani, na kabla hatujaondoka mtu alishaanika dagaa juu yake.

Seremala alitibiwa Kigoma, akapona, akaletwa kambini, ambako nasi tulikuwa tumehamishiwa. Baba hakugeuka mtakatifu. Miaka yote ya kambi hasira ilimrudia, hasa masika. Alikuwa akiacha jembe, anapiga magoti kwenye matope, anasema kila mtu akisikia: "Imerudi, Bwana. Njoo uishike." Kisha alikwenda kumsalimia seremala. Siku nyingine salamu ilitoka. Siku nyingine alirudi bila kuitoa, akapiga magoti tena.