Tantine wa Bukavu haponi

Sogeeni, wajukuu, na mwenye simu aizime kwanza, maana jambo hili si la kupigia kelele.

Nilikuwa saluni kule ughaibuni, mtaa wa La Rochelle, nasukwa na Mkongomani mmoja. Kila mteja akilipa, msusi hutia noti moja kwenye kopo la poda kabla hata ya kusema asante. Mara akaingia shemeji yake, kofia mkononi.

"Yaya, dada yangu, nisaidie. Eish, mambo imekaza."

"Hii feza ya kopo iko ya tantine, shangazi yangu wa Bukavu. Anaumwa."

"Kila juma anaumwa?"

"Jumamosi ndiyo humzidia."

Shemeji akainamisha macho. "Basi umsalimie."

Alipotoka nikauliza ni ugonjwa gani. Msusi akaniinamia sikioni: "Mama, mie sina tantine. Lakini ndugu akiomba, utamunyima namna gani? Feza ya mgonjwa tu ndiyo hawagusi."

Baridi ilipoingia, kifundo cha mkono kikamvimba, asisuke mwezi mzima. Mwenye nyumba akabisha hodi: kodi, au chumba akiache. Kopo likalipa.

Wengi nimewasikia wakihubiri kuweka akiba. Huyu pekee ndiye niliyemwona akiitafutia akiba yake ukoo.

Msusi sasa amerudi kwao. Kiti cha saluni alikirithi mdogo wake. Kopo, pamoja na mgonjwa wake, alilirithi binti wa msusi. Shemeji hakurithi kitu, ila kila Jumamosi bado anaulizia hali ya mgonjwa.